Maji Yatoke, Chumvi Iingie

Nguru akiwa hai hunywa maji ya bahari mchana na usiku, na bado kazi yake kubwa ni kuikataa chumvi. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Damu yake yeye ina kama theluthi moja tu ya ukolezi huo. Na maji, yakipata njia, huhama kutoka penye chumvi kidogo kwenda penye nyingi. Kwa hiyo samaki huyu, aliyezungukwa na maji juu, chini na ubavuni, anakaukiwa. Maji ya mwilini yanamtoka kupitia matamvua kila dakika, naye inambidi anywe ili ayarudishe. Lakini anayekunywa bahari hunywa na chumvi yake, na matamvua yaleyale yanayompa pumzi ndiyo yenye seli za kuisukuma chumvi hiyo irudi ilikotoka.

Mambo haya hayakujulikana zamani sana. Mwaka 1930 Mmarekani Homer Smith alionyesha kwamba samaki wa bahari wenye mifupa hunywa maji ya chumvi na kuyatumia mwilini. Mwaka 1932 Ancel Keys na mwenzake Willmer wakazieleza seli za kwenye matamvua zinazotoa kloraidi, wakimtumia mkunga.

Sasa nguru huyo ananaswa kwenye jarife, anafikishwa pwani, na anakutana na mtu ambaye riziki yake ni kulikamilisha lile ambalo samaki amelizuia maisha yake yote: maji yatoke, chumvi iingie. Ndiye mtengenezaji wa ng'onda. Ukimtazama kwa mbali utadhani kazi yake haina elimu ndani: pasua, paka chumvi, anika. Ukikaa naye karibu unaona kwamba chumvi yenyewe ni sehemu ndogo ya ujuzi wake. Ujuzi ni kuupima mwendo wa vitu viwili vinavyopishana ndani ya nyama, ili kinachotoka kisiwahi mno na kinachoingia kisichelewe.

Kila seli ya samaki, kama ya kiumbe chochote, imezungukwa na utando wa mafuta wenye unene wa kati ya nanomita 5 na 10. Ukirundika tando elfu kumi unakaribia unene wa karatasi moja. Mwaka 1925 Waholanzi Gorter na Grendel waliyachuja mafuta ya chembe nyekundu za damu, wakayatandaza juu ya maji, wakakuta yanafunika eneo mara mbili ya ngozi ya chembe zenyewe. Wakasema basi utando ni wa tabaka mbili, na mpaka leo tunasema hivyo. Mafuta hayo huipisha oksijeni bila maswali. Chumvi hayaipishi. Ikishayeyuka huwa chembe za sodiamu na kloraidi zenye chaji ya umeme, kila moja imejizungushia molekuli za maji, na mafuta hayapatani na vitu vya namna hiyo. Sukari nayo hukwama. Hata maji matupu hupenya kwa kujikokota. Ndiyo maana utando una milango, nayo ni protini zilizopenya kutoka upande huu hadi upande ule, kila moja na mgeni wake inayemruhusu.

Mlango wa maji ulishukiwa miaka mingi kabla haujaonekana. Peter Agre na wenzake, huko Baltimore, walikuwa wameipata protini moja iliyojaa kwenye chembe nyekundu za damu bila kujua inafanya nini. Mwaka 1992 waliijaribu kwenye mayai ya chura wa kusini mwa Afrika, Xenopus laevis. Mayai hayo yamezoea kukaa kwenye maji ya bwawa bila kuvimba, kwa kuwa hayana milango ya maji ya kutosha. Yale yaliyopewa maagizo ya kuitengeneza protini ile yaliwekwa kwenye maji yenye chumvi hafifu, yakaanza kuvimba mbele ya macho yao, na baada ya dakika chache yakapasuka. Yale ambayo hayakupewa yalibaki vilevile. Protini hiyo ikaitwa akwaporini, na mlango mmoja wa aina hiyo unakadiriwa kupitisha hadi molekuli bilioni 3 za maji kwa sekunde huku chumvi ikibaki nje. Agre alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2003.

Mlango wa namna hiyo hufuata tu mteremko, maji yaende yanakotaka kwenda. Mwingine husukuma vitu vipande mlima. Jens Skou wa Denmark aliugundua mwaka 1957 katika mishipa ya fahamu ya miguu ya kaa: ni pampu inayotoa chembe tatu za sodiamu nje ya seli na kuingiza mbili za potasiamu, na kila mzunguko hugharimu molekuli moja ya ATP, nishati ambayo seli huitengeneza kwa chakula na pumzi. Seli za matamvua ya nguru zimejaa pampu hizi. Kwa hiyo kuikataa bahari si tabia ya ngozi ngumu wala magamba. Ni gharama inayolipwa kila sekunde, na pumzi ikikatika malipo yanakoma.

Samaki aliyevuliwa asubuhi bado ana akiba kidogo ya nishati kwenye misuli. Akiba ikiisha anakakamaa, na pampu zinasimama. Sodiamu inaanza kuingia ilikokuwa imezuiwa, potasiamu inavuja nje, na vimeng'enya vya samaki mwenyewe, ambavyo vilikuwa vimetengwa kila kimoja mahali pake, vinaanza kuzila tando. Bakteria wa utumboni, waliokuwa wamezuiwa maisha yote, wanapata njia. Kwenye joto la pwani yetu saa chache zinatosha kuharibu kila kitu. Hapo ndipo mtia chumvi anapoingia, na anaingia akiwa na haraka, ingawa kazi iliyobaki yote ni ya subira.

Jambo linalonivutia kuliko yote katika kazi hii ni kwamba chumvi ileile inafanya kazi mbili kinyume. Kwa nyama ya samaki, ambayo tando zake zimeshalegea, chumvi huingia mpaka ndani na kukaa. Kwa bakteria, ambaye bado yu hai na utando wake mzima, chumvi hubaki nje na kuyavuta maji yake. Seli yake inasinyaa, haiwezi kula wala kugawanyika. Wengi hata hawafi. Wanabaki hapo wakiwa na kiu, wakisubiri maji ambayo fundi amekusudia wasiyapate. Nyama huhifadhika kwa sababu milango yake imekufa, na bakteria huzuiliwa kwa sababu milango yake bado inafanya kazi.

Tumwangalie fundi mikononi. Kisu chake kinaanzia kichwani, kinashuka kandokando ya uti wa mgongo hadi mkiani, na samaki anafunguka bapa, tumbo likiwa bado limeshikana. Matumbo na matamvua yanatoka. Kisha inakuja sehemu ambayo mwenye haraka huiruka: ile damu nyeusi iliyong'ang'ania chini ya uti wa mgongo, ambayo kwa kweli ni figo za samaki. Fundi huikwangua kwa ncha ya kisu na kuisuuza kwa maji ya bahari mpaka mfupa uwe mweupe. Damu huoza kwanza, na ikibaki pale itaozesha nyama ya karibu yake kabla chumvi haijafika.

Baada ya hapo anachanja. Nyama nene ya mgongoni anaipiga mistari mirefu, kila mmoja ukishuka karibu na ngozi lakini bila kuitoboa. Mtu anaweza kudhani ni pambo, au ni kuipa chumvi mahali pa kukaa. Kuna zaidi. Mwaka 1855 Mjerumani Adolf Fick aliandika kanuni ya jinsi vitu vinavyosambaa ndani ya vimiminika, na moja ya matokeo yake ni hili: njia ikiongezeka mara mbili, muda unaongezeka mara nne. Nyama yenye unene wa sentimita 4 haihitaji muda maradufu wa ile ya sentimita 2. Inahitaji mara nne. Kwa hiyo mstari mmoja wa kisu unaoigawa nyama katikati unaokoa robo tatu za muda, na muda ndio bakteria wanaoutaka. Fundi hajamsoma Fick. Ameona nguru aliyechanjwa kwa uvivu akinuka kwenye mfupa huku juu yake pamekauka vizuri, na mkono wake umejifunza umbali wa kupita kati ya mstari na mstari.

Kwenye chumvi ndipo nilipouliza swali langu. Mzee mmoja wa kazi hii, baada ya shikamoo na marahaba, nilimwuliza kwa nini anahangaika na chumvi ya mawe ilhali ya unga ipo dukani na ni safi zaidi.

"Ya unga inadanganya, mwanangu," akasema. "Inakupa samaki mkavu juu, ndani mbichi. Ya mawe inakuja polepole, inaingia na wewe."

Maneno hayo yana ukweli kamili. Chumvi laini huyeyuka mara moja, hukamua maji ya juu kwa ghafla, na protini za tabaka la nje hushikana zikawa ganda gumu. Ganda hilo linaizuia chumvi inayofuata. Nyama inaonekana imeiva, kumbe imejifungia uchafu wake ndani. Punje kubwa huyeyuka kadiri maji yanavyotoka, na kinachoingia hulingana na kinachotoka.

Aina ya chumvi nayo ina yake. Chumvi yetu ya pwani hutoka kwenye mabwawa ya kuanika maji ya bahari, kama yale ya Gongoni kaskazini mwa Malindi, au ya Bagamoyo. Maji yakikauka hayaachi vitu vyote kwa pamoja: chokaa hutangulia kutulia, ikifuatiwa na chumvi yenyewe, na mwishoni hubaki maji machungu yenye magnesiamu nyingi. Mwenye bwawa makini huyamwaga maji hayo kabla hayajakaukia juu ya chumvi. Asipoyamwaga, magnesiamu huingia kwenye gunia, nayo huikaza nyama, huipa uchungu na huichelewesha chumvi kupenya. Magnesiamu pia hunyonya unyevu wa hewa. Ndiyo maana fundi hulambisha ulimi punje moja kabla hajakubali gunia, na gunia linalotoa jasho chini hulikataa.

Kipimo chake cha kawaida ni kilo moja ya chumvi kwa kila kilo tatu za samaki. Anaipaka ndani ya mistari, nyuma ya kichwa, kwenye mashimo ya macho, na kuimwaga chini ya tangi kabla ya kupanga. Samaki wanalazwa ngozi chini, nyama juu, safu kwa safu, na chumvi kati ya kila safu. Safu ya mwisho inageuzwa, ngozi iwe juu. Juu yake ubao, na juu ya ubao mawe.

Saa moja haipiti kabla maji hayajaanza kukusanyika. Kesho yake samaki wamelala kwenye maji yao wenyewe, mazito na ya rangi ya udongo, na uzito wao umeshapungua kwa jinsi inavyoonekana wazi ukiwanyanyua. Katika hatua hii maji hutoka haraka kuliko chumvi inavyoingia, na hapo pana mtego. Chumvi kidogo haiikamui nyama, inainywesha. Protini za misuli kwenye chumvi hafifu huvimba na kuyashika maji kwa nguvu. Ni mpaka ukolezi upite kiasi cha asilimia 9 au 10 ndipo protini zinapoyaachia. Anayebania chumvi ili aokoe senti chache anazalisha samaki aliyelowa, mlaini, mwenye chumvi isiyoweza kumzuia bakteria yeyote.

Kuna ishara ambayo mafundi huitegemea. Wanatumbukiza mkono mpaka chini ya tangi na kupapasa punje. Zikiwapo, maji yameshiba chumvi: kila gramu 100 za maji zimebeba kama gramu 36, haziwezi kubeba zaidi, na chochote kitakachoingia kwenye nyama kitafidiwa kutoka kwenye punje zile. Mkono usipokuta punje, wanaongeza mara moja, hata kama maji yanaonekana makali ukiyaonja. Ulimi hauwezi kupambanua asilimia 20 na 26; vidole chini ya tangi vinaweza.

Samaki wenye mafuta mengi huachwa wazame kwenye maji hayo mpaka mwisho, kwa sababu mafuta yakikutana na hewa huchacha. Wasio na mafuta wanaweza kurundikwa huku maji yakichuruzika. Kila baada ya muda fundi hugeuza rundo, wa juu wakaenda chini, ili uzito uwapitie wote. Nguru mkubwa hukaa hivyo siku kadhaa. Kumjua kama ameiva, fundi anabonyeza kwa dole gumba pale nyama ilipo nene kuliko pote, nyuma ya kichwa. Nyama mbichi huinuka tena ikirudi. Iliyoiva hubaki imebonyea kidogo, ngumu, na ukiikata rangi yake ni moja kutoka ngozini hadi kwenye mfupa, bila kiini chekundu kinachong'aa.

Papa ana sheria yake. Hanywi bahari kama nguru wala hakaukiwi, kwa kuwa ameitatua shida ya chumvi kwa njia nyingine: ameijaza damu na nyama yake urea, ile ile ambayo sisi huitoa kwenye mkojo, kiasi cha asilimia 2. Kwa urea hiyo ukolezi wa mwili wake hulingana na wa bahari, na maji hayana sababu ya kutoka. Urea nyingi hivyo ingeharibu protini za kiumbe mwingine, lakini papa huibeba pamoja na kemikali nyingine inayozilinda. Homer Smith aliyetajwa juu aliikuta hila inayofanana na hiyo kwa kamongo wa Ziwa Victoria, aliyemfuata huko mwishoni mwa miaka ya 1920: kamongo akijizika kwenye tope la kiangazi hubadilisha sumu ya amonia kuwa urea na kuilimbikiza mwilini mpaka mvua zirudi. Smith alivutiwa hata akaandika riwaya, akaipa jina la samaki huyo, *Kamongo*, iliyotoka mwaka 1932.

Papa akifa, bakteria huigeuza urea kuwa amonia, na hapo ndipo inapotoka ile harufu inayochoma pua kwenye magulio ya papa mkavu. Kwa hiyo papa lazima achinjwe na kutolewa damu mara tu anapopandishwa chomboni, wala si baada ya kufika pwani. Kisha vipande vinalowekwa kwenye maji ya chumvi, na maji hubadilishwa. Molekuli ya urea ni ndogo na haina chaji; tando zikiwa zimelegea hutoka kwa urahisi. Fundi anayajua hayo kwa pua. Papa aliyetunzwa hivi ana harufu ya bahari na chumvi. Aliyepuuzwa unamjua kabla hujafika mezani kwake.

Ng'onda ya papa ina historia ndefu ya safari. Majahazi ya Arabuni Kusini na ya Somalia yaliileta Mombasa na Unguja na upepo wa kaskazi, yakarudi na kusi yakiwa yamebeba boriti. Bidhaa inayokaa wiki nyingi kwenye ngama ya jahazi, katika joto na unyevu, ni ushahidi kuwa walioitengeneza hawakukosea hesabu.

Baada ya chumvi ni jua, na hapa pia haraka ni adui. Jua kali la mchana wa kwanza hukausha uso wa nyama haraka kuliko maji ya ndani yanavyoweza kufika juu, na uso ukishakuwa gamba, maji ya ndani hayana pa kutokea. Fundi mzuri humwanika samaki asubuhi, humwondoa au humfunika jua likiwa utosini, na humrudisha alasiri. Chanja iliyoinuliwa kutoka ardhini inapitisha upepo juu na chini, na upepo una faida zaidi kuliko ukali wa jua. Jioni samaki huanuliwa, hupangwa rundo, hufunikwa turubai na kutiwa mawe. Usiku huo ambao unaonekana wa kupumzika ndio wenye kazi kubwa: maji yaliyobaki katikati husogea polepole kuelekea kwenye uso uliokauka, na asubuhi nyama inakuwa na unyevu kidogo juu, tayari kwa jua tena. Mafundi husema samaki ametoa jasho.

Sababu ya kuanua jioni inapimika. Chumvi iliyoshiba hulingana na hewa yenye unyevu wa asilimia 75. Hewa ikiwa kavu kuliko hapo, samaki hutoa maji. Ikiwa na unyevu zaidi, huyanyonya. Usiku wa pwani yetu mara nyingi huvuka kiwango hicho, na masika huvuka hata mchana. Hivyo ng'onda ya kaskazi hukauka bila matatizo, na ya masika hudai uangalizi kila saa.

Kuna kiumbe mmoja ambaye chumvi haimtishi. Ukiona ng'onda imeanza kupata rangi ya waridi au nyekundu na kuteleza mkononi, amefika. Ni jamii ya vijidudu vinavyopenda chumvi, ndivyo pia vinavyoyafanya mabwawa ya chumvi yawe mekundu yakikaribia kukauka, na husafiri ndani ya punje zenyewe. Badala ya kuipiga chumvi vita, hujaza potasiamu ndani ya seli zao mpaka ukolezi wa ndani ulingane na wa nje, na maji hayatoki. Udhaifu wao uko upande wa pili: ukivitumbukiza kwenye maji matamu, maji huingia kwa kasi na seli hupasuka. Lakini kuosha ng'onda kwa maji matamu ni kuwarudishia bakteria wa kawaida walichonyimwa. Dawa ya fundi ni ghala lenye hewa na baridi kadiri inavyowezekana, na chumvi ya zamani, iliyokaa kavu muda mrefu, ambayo vijidudu vyake vimepungua.

Kwenye maziwa hesabu inaanza kinyume. Sangara wa Ziwa Victoria anaishi kwenye maji yenye chumvi kidogo kuliko damu yake, kwa hiyo maji humwingia bila kukoma. Hanywi, figo zake humwaga mkojo mwingi mwepesi, na matamvua yake hukamata chumvi adimu ya ziwani na kuiingiza ndani, pampu zilezile zikitumika kwa kazi iliyo kinyume. Lakini akishafika Mwanza na kufanywa kayabo, akatiwa chumvi, akaanikwa na kufungwa mizigo ya kwenda Kongo, kisu na chumvi havimtofautishi na nguru. Shida yake ni mafuta na unene, na dawa yake ni mistari ya kisu iliyo karibukaribu.

Dagaa wa Unguja hupita njia fupi zaidi: huchemshwa kwa maji ya chumvi, kisha huanikwa. Aliyesoma baiolojia sekondari atakumbuka jaribio la viazi, kimoja kibichi na kimoja kilichochemshwa, vyote vimetobolewa shimo na kutiwa sukari, vikakalishwa kwenye sinia la maji. Shimo la kibichi hujaa maji. La kilichochemshwa halijai, kwa kuwa joto limeziua tando na hakuna tena kinachochagua nani apite. Dagaa akiguswa na maji yanayochemka milango yake yote huvunjika mara moja, na kwa udogo wake njia ya chumvi ni ya milimita chache. Kazi ya siku kadhaa kwa nguru hukamilika kwa dakika.

Jikoni mwendo hugeuzwa. Ng'onda hulowekwa, na sasa chumvi ndiyo inayotoka na maji kuingia. Kanuni ni ileile, kwa hiyo bakuli moja kubwa lililoachwa usiku kucha si sawa na maji yanayobadilishwa mara mbili tatu: maji ya kwanza yakishachukua chumvi hupoteza nguvu ya kuivuta nyingine. Vipande vikikatwa vyembamba kabla ya kulowekwa, muda hupungua kwa hesabu ya Fick. Nyama hairudi kuwa mbichi, kwani protini zimeshabadilika, na ndiyo sababu ng'onda kwenye mchuzi wa nazi ina ukakamavu na ladha ambayo samaki wa jana hawezi kuwa nayo.

Ukienda kununua, usianze na rangi ya juu. Bonyeza nyuma ya kichwa, pale penye unene. Fungua mstari mmoja wa kisu uangalie kama ndani pana rangi ileile ya nje. Nusa kwenye mfupa. Tazama kama kuna wekundu. Bei ikiwa juu kuliko ya meza ya jirani, muulize muuzaji samaki huyu alikaa kwenye chumvi siku ngapi, na chumvi ilikuwa ya wapi. Anayejibu bila kusita anaijua kazi yake, na tofauti ya bei ni ujira halali wa siku alizozingoja.